Nyundo ya Mfongo

"Mimi Ndeshi, tangu mama yangu anizae, sijawahi kuiba maji ya mtu," Bibi Ndeshi alisema mbele ya kikao cha bustani, mkono kifuani kama anayekula kiapo. Halafu akakumbuka kwamba yuko ndani ya uzio wa kanisa, akakohoa. "Ila ya shemeji yangu. Na ya mchungaji, lakini yule alikuwa nayo mengi."

Watu wakacheka. Elia hakucheka. Elia alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa ofisi ya bima kule Dallas, na alivaa tai hata kwenye kikao cha mchicha. Bustani yote ile ya Cedar Hill, nyuma ya kanisa, ilikuwa chini yake.

"Hatujaja kucheka," alisema. "Mvua hakuna. Mji umekataza kumwagilia kwa mpira isipokuwa asubuhi mbili kwa wiki. Na kwenye asubuhi hizo mbili, mmefanya nini?"

Kila mtu akaangalia viatu vyake. Kilichofanyika kilijulikana. Zéphyrin, Mkongomani wa Masisi anayefanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo, alimnyang'anya Mama Kerubo mpira katikati ya tuta. Mama Kerubo naye, Mkisii asiyependa kunyang'anywa, akaushika upande wa pili akamgeuzia. Zéphyrin alirudi nyumbani amelowa mpaka soksi. Na pasta, kwa bahati mbaya, alikuwa dirishani.

"Pasta amesema hivi," Elia aliendelea. "Ugomvi mmoja tena wa maji, mmoja tu, hapa tunamwaga lami. Paking haitoshi Jumapili."

Kila mmoja pale alikuwa na kitu cha kupoteza. Zéphyrin alikuwa na lengalenga, mchicha wa kwao, na muhogo wa sombe, ule wa kisamvu. Mama Kerubo alikuwa na managu yake, ile mboga chungu ya Kisii. Lakini hakuna aliyeshtuka kama Bibi Ndeshi, ingawa uso wake ulibaki mtulivu kama wa paka aliyekaa karibu na sufuria ya maziwa. Yeye alikuwa na migomba.

Migomba mitatu, pale juu kabisa, nyuma ya stoo ya vifaa. Miche aliitoa kwa binti yake Natalia, Sugar Land, upande wa Houston, ikasafiri saa nne barabarani na majani yametoka dirishani yakiwapungia watu wa malori. Natalia alimwambia, "Mama, si uhamie huku? Huku ndizi zinaota zenyewe." Bibi Ndeshi akajibu kwamba kitu kinachoota chenyewe hakimhitaji yeye. Akarudi Cedar Hill, kwa mwanawe Erick, akapanda. Baridi ilipokuja aliivisha migomba mablanketi, na mmoja akauvalisha koti la Erick la zamani lenye kofia. Msimu mzima mlinzi wa kanisa alikuwa akiusalimia kila jioni na kuuona una majivuno.

Na sasa, mwezi wa saba, mmoja ulikuwa umetoa ua.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Machame alikotoka, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mtu anayekaa bila mgomba uani anahesabika yuko safarini. Hata kama ana nyumba ya ghorofa, yuko safarini. Wewe unamkaribisha, yeye hana cha kukukaribishia. Bibi Ndeshi alikuwa Texas mwaka wa sita. Alikuwa na chumba chake, televisheni yake na kiti chake kanisani, lakini mdogo wake Yasinta, aliyebaki kwenye kihamba, shamba la ukoo nyumbani, kila akipiga simu humuuliza, "Dada, huko ugenini hujambo?"

Ugenini. Kila Jumapili, ugenini.

"Mwaka huu nitakula ndizi ya mgomba wangu," Bibi Ndeshi alimwambia.

"Texas?" Yasinta akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Utatoa ua wewe kabla ya huo mgomba."

Sasa ua limetoka, na mtu wa tai anataka kulimwagia lami.

"Elia, mwanangu," Bibi Ndeshi alisema, akitumia ile sauti yake ya kuomba chumvi. "Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nitawaletea maji yasiyo ya mji."

"Utayatoa wapi, Mama?"

"Hilo niachie."

Hakujua atayatoa wapi. Lakini alikuwa ameshasema, na Bibi Ndeshi akishasema jambo hukaa na kulitafutia njia, kama mtu aliyenunua kifuniko kwanza ndipo atafute sufuria.

Jioni ile akaenda kwa jirani.

Huyu jirani ana habari yake. Mwaka uliopita Erick alirudi kazini akasema, "Mama, nyumba ya pembeni kahamia mzee mmoja anaitwa Severin." Bibi Ndeshi akaruka. Severin! Severin wa wapi? Huyo si wa Kibosho? Huko akina Severin wamejaa kila nyumba. Akapika kiburu, ndizi na maharage ya kutosha ukoo, akajifunga kanga mpya, akagonga mlango akiwa tayari na salamu ya Kichagga mdomoni. Akafungua mzungu mzee mrefu, mwekundu kama aliyechemshwa. Bibi Ndeshi akabaki na sufuria yake mikononi. Mzungu akamtazama, akaitazama sufuria, akasema kwa Kiswahili cha polepole, "Karibu, mama. Hizo ni ndizi?"

Kumbe alikuwa Mswisi. Ujanani alifundisha useremala Ifakara, akamwoa nesi wa Kimarekani aliyemkuta huko, wakaja kuzeekea Texas, nesi akatangulia kwa Mungu. Kiburu alikimaliza chote. Tangu siku ile wakawa majirani wa kubadilishana vyakula, lakini Bibi Ndeshi hakuwahi kuingia zaidi ya jikoni.

Jioni hii ya kikao Severin alimkaribisha sebuleni kwa kuwa jikoni kulikuwa na joto. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya zamani, nyeusi na nyeupe. Jabali lililosimama wima. Kwenye ubavu wa jabali, mbao zimening'inizwa, na ndani ya mbao, maji. Pembeni ya maji mwanamume mwenye kofia amesimama juu ya ubao mwembamba, na chini yake hakuna kitu kabisa, ni hewa tu.

Bibi Ndeshi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huu mfongo wa nani?"

"Mfongo ni nini?"

"Usinizungushe, Mzee Severin. Huu hapa! Mfereji wa mlimani. Maji mnayatoa huko juu kwenye barafu, mnayazungusha na mlima mpaka mashambani. Ni wa nani?"

Severin akaweka kikombe chini. "Wa kijiji chetu. Bonde la kwetu, kwenye milima ya Alpi. Yule mwenye kofia ni babu yangu. Alikuwa mlinzi wa maji." Akamtazama vizuri, kama anamwona leo. "Mama Ndeshi, ninyi mna kitu hiki?"

"Tuna! Sisi tunacho tangu kabla ya hao Wajerumani kuja kukishangaa."

Basi chai ikapoa. Bibi Ndeshi alimhoji kama wakili. Maji mnagawanaje? Kwa zamu, kila ukoo na saa zake. Mnasafisha lini? Majira ya kuchipua, kijiji kizima, asiyetokea anatozwa faini. Na sisi hivyohivyo. Pembe ikilia, usipotokea na jembe wanakuja kukuchukulia mbuzi. Mwanzo wa mfereji mnafanyaje? Padri anaubariki. Sisi wazee walichinja. Na mwizi wa maji?

"Ah," Severin alisema. "Mwizi wa maji ni mbaya kuliko mwizi wa ng'ombe."

"Kabisa," alisema Bibi Ndeshi, akaangalia pembeni kidogo.

Severin akamweleza na mengine. Maghala ya nafaka yaliyosimama juu ya miguu, na kila mguu umevishwa bamba la jiwe, mviringo kama chapati, panya akipanda anagonga kichwa anarudi. Mkate wa ngano nyeusi unaookwa mara chache kwa mwaka kwenye tanuri la kijiji, mgumu hata unakatwa kwa panga lililofungwa mezani. Ng'ombe wafupi weusi wanaopigana wenyewe, majike, mpaka apatikane malkia wa kuwaongoza wenzake kwenda malisho ya juu.

"Majike?"

"Majike tu. Madume hatuwaulizi."

"Bonde lenu lina akili," alisema Bibi Ndeshi. Akaletewa jibini, nusu duara, Severin akaiegemeza karibu na moto wa jiko dogo la mezani mpaka uso wake ukalainika, akaukwangua juu ya viazi. Bibi Ndeshi akala, akala tena. "Kumbe wazungu nao walikuwa Wachagga. Mlikosa ndizi tu."

"Na wanawake kwenu, kwenye mfongo?" Severin akauliza.

"Hata kusogelea banio, pale maji yanapofungwa na kufunguliwa, tulikatazwa. Walisema tutaharibu maji. Ndiyo maana nalijua lote; mtu akikufungia mlango si unachungulia? Na kwenu?"

"Kwetu pia. Bibi yangu hakuwa na sauti."

"Maskini. Naye alichungulia?"

"Alikuwa anafungua lango la maji babu akilala," Severin alisema, na uso ukazidi kuwa mwekundu. "Mpaka babu akaweka nyundo."

Nyundo ilikuwa hivi. Ndani ya mfereji, gurudumu dogo la mbao. Maji yakipita gurudumu linazunguka, linanyanyua mkia wa nyundo, nyundo inaanguka juu ya ubao. Tok. Tok. Tok. Mchana kutwa. Mlinzi analala kibandani kwa raha zake. Maji yakikatika, yakiibwa au yakizibwa na kifusi, gurudumu linasimama na nyundo inanyamaza.

"Babu yangu alilala kwenye kelele," alisema Severin. "Kimya ndicho kilichomwamsha."

Bibi Ndeshi akasimama. Viazi vilikuwa bado kwenye sahani, na ieleweke kwamba yeye si mtu wa kuacha viazi.

"Mzee Severin. Juu ya bustani ya kanisa kuna lile bwawa."

Bwawa lilikuwepo tangu enzi eneo lile lilipokuwa la ng'ombe. Wateksasi wanaliita tenki. Lilikuwa juu ya kilima, limejaa vyura na kobe, wala mji haukulihesabu, na hakuna aliyeligusa kwa sababu lilikuwa mbali na mpira haufiki. Kati yake na bustani palikuwa na mteremko. Mteremko tu, basi. Miaka yote watu walikuwa wanaupanda na kuushuka wakilalamika kuhusu maji.

Elia alikubali shingo upande. "Mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Na msinivunjie uzio."

Wakachimba. Zéphyrin alikuja na beleshi asubuhi akitoka kazini, macho mekundu, kwa sababu mtu wa Masisi naye ni mtu wa milima na hakutaka kuambiwa habari za mteremko na Mchagga. Mama Kerubo alikuja na sururu ili Zéphyrin asiwe na beleshi peke yake. Severin alipasua mbao. Bibi Ndeshi alitembea mbele na fimbo, akichora njia, akisimama, akichuchumaa, akiweka shavu chini kama anayenusa.

"Mama Ndeshi, unatafuta nini?" Zéphyrin akauliza.

"Njia ya maji."

"Njia si iko hii tu, chini?"

"Ukiyapeleka chini moja kwa moja yatakimbia, na shamba lako yataliachia mashimo. Maji unayatembeza pole, kama bibi harusi."

Siku ya kwanza walipofungua banio, maji yalitembea kama bibi harusi hasa, yakafika katikati, yakaingia kwenye ufa yakapotea. Udongo wa pale ni mweusi, ukikauka unapasuka hata kuku anaweza kutumbukia. Wote wakasimama kulitazama shimo likinywa. Mama Kerubo akapiga mluzi.

"Bon," alisema Zéphyrin. "Sasa tumenywesha shetani."

Elia alikuwa amesimama pembeni na tai yake. Alipima eneo kwa macho, gari moja, gari la pili.

Bibi Ndeshi akavua viatu. Akapandisha kanga magotini, akaingia kwenye mfereji, akaagiza maji ndoo moja na udongo wa bwawani, akaanza kukanyaga. "Nani aliniambia nimechoka?" alisema, na hakuna aliyekuwa amesema. "Kwetu mfongo unasilibwa kwa miguu. Ingieni! Mzee Severin, na wewe, hiyo miguu mirefu uliletewa ya nini?" Wakaingia. Wakakanyaga tope siku ile na iliyofuata, mpaka mfereji ukawa laini kama ndani ya chungu. Kamba wa matope wakautoboa; wakaziba. Kobe akakaa katikati akakataa kutoka. Mama Kerubo akamhamisha kama mtoto mkaidi. Magoti ya Bibi Ndeshi yalimuuma hata kwenye ibada akawa anasali ameketi, na Erick akasema, "Mama, pumzika, nita-drive mwenyewe nikununulie ndizi dukani." Hakujibiwa siku mbili.

Jumapili ya mwisho ya mwezi, ibada ikiisha, watu walisimama nje na nguo zao za kanisani. Severin alikuwa amefunga gurudumu pale mfereji unapoingia bustanini, chini kidogo ya stoo. Bibi Ndeshi akafungua banio. Maji yakaja, polepole, yakibeba jani moja kavu mbele kama bendera. Yakapita ufa wa zamani. Yakapita stoo. Yakagusa gurudumu.

Tok.

Watu wakashangilia kama penalti imeingia. Tok. Tok. Severin akavua kofia, akafuta macho, akasema ni jua.

Elia akainua mikono. "Haya. Sheria tu. Sitaki mipira wala soksi zilizolowa."

Bibi Ndeshi akachaguliwa mwenyekiti wa mfongo, kazi ambayo huko Machame hakuna mwanamke aliyewahi kuiota. Sheria akazitoa papo hapo. Kila mtu na asubuhi yake. Mwenye zamu akae kibarazani anywe chai. Nyundo ikilia, maji ni yake. Ikinyamaza, apande juu akaangalie.

"Na atakayeiba?" aliuliza Mama Kerubo, akimwangalia Zéphyrin.

"Atakayeiba," alisema Bibi Ndeshi kwa sauti ya kuwatisha wote, "hatapigwa wala hatashtakiwa kwa pasta, maana hatutaki ugomvi. Atawapikia wote mbege. Ndizi zake, ulezi wake, kuni zake. Na ataigawa kwa mkono wake, amepiga magoti."

Severin akacheka sana. Zéphyrin akauliza mbege ni nini, akaelezwa ni pombe ya ndizi na ulezi, akasema hiyo sheria ni nzuri, mtu aibe haraka.

Mwezi wa nane ukaingia na moto wake. Jua lilishuka kwenye lami ya kanisa likarudi juu. Nyundo ililia kila asubuhi, zamu kwa zamu, na hakukuwa na ugomvi hata mmoja. Zéphyrin na Mama Kerubo walifika mahali pa kupeana mbegu. Bustani ilikuwa kijani katikati ya mtaa ulioungua. Pasta mwenyewe alikuja kupiga picha.

Lakini mgomba hunywa. Mchicha unalowa midomo tu, mgomba unakunywa kama ng'ombe. Zamu moja ya Bibi Ndeshi kwa wiki haikutosha. Majani yalikunjika, na mkungu ulioshuka vizuri, vichane vitano, ulisimama. Vidole vikabaki vyembamba kama vya mtoto. Alivipima kila siku kwa kidole chake mwenyewe, na kila siku kidole chake kilishinda.

Yasinta akapiga simu, ya video safari hii. "Nionyeshe hizo ndizi."

Bibi Ndeshi akazielekezea kamera kwa mbali, kwa ujanja.

"Mbona kama pilipili, dada?" alisema Yasinta. "Si neno. Nitakutunzia mkungu huku, siku ukija kututembelea."

Kututembelea! Bibi Ndeshi akakata simu, akakaa chini ya mgomba wake muda mrefu. Angeweza kuomba. Watu wangempa, Zéphyrin angempa hata zamu mbili. Lakini kuomba maji ya mgomba wa kwanza ni kuanza maisha na mkopo, na yeye ni mwenyekiti. Mwenyekiti akiomba, kesho kila mtu ataomba, na keshokutwa mipira itarudi. Hivyo ndivyo alivyojieleza, na kwa kuwa alikuwa anajieleza mwenyewe, hakupata mpinzani.

Akafikiria zamu ya nani. Zéphyrin ndiye aliyefaa. Alikuwa akifika alfajiri kutoka kazini, anafungua banio, anashuka mpaka kwenye gari lake, anashusha kiti, anafumba macho. Kama babu wa Severin. Alilala kwenye kelele.

Tatizo lilikuwa nyundo. Migomba ilikuwa juu yake. Ukiyageuza maji yaende kwenye migomba, gurudumu linasimama, nyundo inanyamaza, Zéphyrin anaamka. Bibi wa Severin alishindwa hapo. Lakini bibi wa Severin, Mungu amrehemu, hakuwa na mwiko wa ugali.

Asubuhi ya kwanza Bibi Ndeshi alijificha nyuma ya majani. Zéphyrin akafungua banio, akashuka. Bibi Ndeshi akasubiri mlango wa gari ugonge. Akanyanyua kibao cha pembeni, maji yakageuka, yakaingia kwenye shina la mgomba na kuzama kwa sauti ya koo. Chini pale nyundo ikasita. Kabla haijanyamaza, Bibi Ndeshi akawa ameshika mwiko wake juu ya ubao uliobaki wa Severin. Tok. Tok. Tok. Aliuchukua mwendo uleule, bila haraka, mtu aliyetwanga maisha yake yote. Kisha, mgomba uliposhiba, akayarudisha maji, nyundo ya kweli ikapokea, naye akaenda zake kunywa chai.

Wiki iliyofuata akarudia. Vidole vya ndizi vikanenepa. Kidole chake kikaanza kushindwa.

Wiki iliyofuata tena akaja mapema zaidi, kanga kichwani, mwiko kwapani. Zéphyrin akafungua banio, akashuka, mlango wa gari ukagonga. Bibi Ndeshi akayageuza maji upesi, kwa uzoefu sasa, hata hakusubiri kusikia. Akaketi juu ya ndoo. Tok. Tok. Tok. Hewa ilikuwa bado ya baridi kidogo. Ndege wakaamka. Mkungu ulining'inia juu ya kichwa chake, mzito, kijani hasa, na akawa anaongea na Yasinta moyoni, kwa kufuata mapigo. Ugenini. Tok. Kututembelea. Tok. Njoo wewe sasa. Tok.

Nyayo. Akauficha mwiko ndani ya kanga.

Zéphyrin akatokea pembeni ya stoo, mkono mmoja nyuma, uso wa upole kama wa siku ya ubatizo.

"Shikamoo, Mama Ndeshi. Umeamuka mapema."

"Marahaba, baba. Usingizi wa uzee. Nilikuja kuangalia majani."

"Vizuri. Na ile maji yangu, inatembea?"

"Inatembea mno! Si unasikia nyundo? Mimi nimekaa hapa tangu alfajiri naisikiliza, haijakosa hata pigo moja. Rudi ulale, mwanangu, una kazi usiku."

"Kweli, nimeisikia," alisema Zéphyrin. "Hata sasa hivi, nikiwa pale kwenye gurudumu, nimeisikia muzuri kabisa. Inalia kuliko siku zote."

"Ni mbao nzuri ya Mzee Severin."

"Ni mbao nzuri." Akauleta mbele ule mkono uliokuwa nyuma. Ndani yake kulikuwa na nyundo. Kichwa, mkia na mpini mpya mweupe. "Jana mupini ilipasuka. Niliing'oa nikamupelekea mzee, na leo nimekuja nayo niirudishe. Gari nimefunga mulango tu, sikuingia ndani. Nilikuwa nasimama pale na nyundo mukononi, mama, halafu nyundo inalia."

Nyuma yake, pembeni ya stoo, Severin alikuwa ameshika ukuta, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, na safari hii jua lilikuwa halijachomoza.

Bibi Ndeshi akaitazama nyundo. Akayatazama maji yaliyokuwa yakiendelea kuingia kwenye shina la mgomba wake bila haya yoyote. Akanyoosha shingo, akatafuta juu ya mti wa jirani.

"Basi atakuwa kigong'ota," alisema. "Texas wako wengi."

Mwiko ukateleza kwenye kanga, ukagonga ubao. Tok.

Zéphyrin akauokota, akaupangusa tope kwa shati lake, akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mwenye nyumba kitu chake.

"Mwenyekiti," alisema, akiuangalia mkungu, "hizi ndizi zinakomaa mwezi gani? Nitafute ulezi?"